Mkasi na Kanga ya Marehemu

Juu ya meza yangu hapa Unguja kipo kibweta kisichozidi shubiri moja kwa urefu. Kimetengenezwa kwa kadibodi ya katoni ya sabuni, kikavishwa kanga kuukuu ya mama yangu, na kingo zake zikashonwa kwa uzi wa mkonge. Kifuniko kina vifungo vitatu vilivyotoka katika shati la baba, na neno moja tu lililokatwa kutoka katika jina la kanga ile: SITAUSAHAU. Mpaka leo sijakitia kitu ndani.

Aliyekitengeneza ni mama mdogo, fundi cherehani wa Manundu, mjini Korogwe. Baada ya arobaini ya mama, nguo njema ziligawiwa kama ilivyo ada, nyingine kwa jamaa na nyingine kwa wahitaji. Ikabaki kanga moja iliyochujuka, yenye matundu ya cheche za jikoni, ambayo hakuna aliyeitaka hata kwa kupigia deki. Mwenzi wake wa doti mama alikuwa amempa jirani zamani. Mama mdogo akaichukua, akaikata, akafanya vibweta vitatu, kimoja kwa kila mtoto wa dada yake. Kaka yetu mkubwa, akaaye Handeni, alikirudisha chake kwa basi la siku ya pili. "Mama mdogo," alimwambia kwa simu, "hukukata kanga, umemkata mama." Na kaka si mtu wa maneno makali.

Je, yafaa kukikata kitu cha marehemu kwa nia ya kukihifadhi?

Wanaotetea uzima wa kitu wana hoja nzito. Wazee wetu walikuwa na masanduku ya mbao yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, na nguo ilikunjwa humo ikafukizwa udi. Ukilifungua baada ya miaka, nguo hukunjuka nzima na harufu humrudisha mtu mlangoni. Iliyokatwa haikunjuki tena. Isitoshe, kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ni nguo isemayo, na kuikata ni kuikatiza kauli. Jina la kanga ya mama lilikuwa "Wema wako mama sitausahau". Kaka alipewa WEMA WAKO, dada akapewa MAMA, mimi nikapata kitenzi. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani haachi kuiona ile "u" iliyo katikati ya kitenzi changu: yautafuta wema, na wema uko Handeni.

Hata hivyo, kanga yenyewe haikuzaliwa nzima. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso zilizochapwa kwa mfululizo katika jora, wakakata sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, ikawa nguo moja pana. Mombasa hata leo huiita leso. Na sisi tununuapo doti, pande zake mbili huwa zimeshikana. Tendo la kwanza la mwenyewe ni kuzitenganisha kwa mkasi na kuzipinda. Hakuna avaaye kanga isiyokatwa. Hata ule mkonge uliofunga kingo za kibweta changu ni mgeni: Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, ikanusurika safari miche 62 tu, nasi leo twauita mkonge wa Tanga kana kwamba Tanga ndiko ulikochipuka.

Nilikwenda Korogwe kumwona mama mdogo akifanya kazi, kwa kuwa sikutaka kumhukumu mtu nisiyeijua kazi yake. Kadibodi huibandika tabaka mbili, mistari yake ikipishana ili isipinde. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, uliopoa. Kitambaa hukipaka uji huo kwa kiganja, wala si kwa brashi, kwani kanga iliyochakaa huchanika kwa kuvutwa. Ndani hutia bitana ya shati la mtumba, shati la mtu wa Ulaya au Marekani tusiyemjua, ambaye naye pengine alikuwa na mama. Juu hupanga vifungo, simbi nilizompelekea kutoka pwani ya huku, na shanga. Kibweta hukaushwa kivulini siku mbili kikiwa kimegandamizwa kwa pasi ya mkaa isiyo na moto. Nilimuuliza kwa nini hakuiacha kanga ikiwa nzima. "Ningeiacha," alisema, "panya wangeigawa bila kuniuliza."

Jibu zuri, ila lina pengo, na nadhani mwenyewe alilisikia. Yeye naye hakuuliza. Kwa sheria ya mirathi, kila alichoacha maiti, hata kitambaa kilichotoboka, ni cha warithi wote hadi wakigawane, na mama mdogo hakuwa miongoni mwao kwa kuwa watoto tupo. Naona mkono wake ulikuwa sahihi na siku yake haikuwa sahihi: angetuita watatu tukae mkekani, tuishike kanga ile mara ya mwisho, kisha akate. Pengine kaka mwenyewe ndiye angeushika mkasi.

Nasema hivi kwa unyonge kidogo. Mimi ni mfasiri. Kazi yangu ni kuivunja sentensi ya mtu ili isalie katika lugha nyingine, na wengi wa niliowafasiri walikuwa wamekwisha kufa. Sikupata kumuuliza hata mmoja wao.

Mwaka jana nilipanda gari kutoka Korogwe, kilomita zipatazo 65, nikashinda kwa kaka. Kibweta chake nilikiona juu ya kabati. Mama mdogo alikwenda Handeni mwenyewe, akakiweka pale akiwa hasemi neno, akanywa chai, akarudi. Kaka ameweka ndani miwani yake na risiti za maji. Aliniuliza kama changu nimeshakitia kitu. Nikamwambia bado.