Nani Kairoga Timu?

Juni 2024 baridi ya Ufipa ilikuwa imekaza, na kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Sumbawanga hakuna aliyetaja bei ya mahindi. Ilikuwa Simba tu. Msimu ulikuwa umeisha tukiwa wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, tumezidiwa mabao. Ligi ya Mabingwa Afrika ndiyo hiyo, tumeikosa. Salim Abdallah 'Try Again' anaachia uenyekiti wa bodi, Mo Dewji anarudi kukikalia kiti, na baadhi ya mashabiki wanamtaka Murtaza Mangungu, mwenyekiti wa upande wa wanachama, naye aondoke.

Mzee mmoja akanigeukia. "Wewe si mwandishi? Hebu tuambie, huko juu kuna nini?"

Sikujua zaidi ya walichojua wao. Lakini kusema "sijui" mbele ya kijiwe kizima ni kazi. Nikajibu, "Nasikia kuna mtu wa ndani anaihujumu timu."

Jioni binamu yangu akanipigia kutoka Laela. "Umesikia? Kuna mwandishi kathibitisha, tunahujumiwa." Mwandishi mwenyewe nilikuwa mimi.

Jina la mji wetu, wazee wanasema, ni agizo: tupa uchawi. Naona tumetupa nusu tu. Mtu anayeamini kurogwa hauulizi ugonjwa umetoka wapi, anauliza nani kauleta. Swali la "nani" ni tamu kwa sababu linatupa adui mwenye sura na kutupunguzia kazi ya kufikiri. Oktoba 2020 Prisons walipotufunga 1-0 hapa hapa Uwanja wa Nelson Mandela, tulitafuta kila sababu isipokuwa moja: kwamba Prisons walicheza vizuri.

Utetezi wetu naujua, na una uzito. Mfumo wa mabadiliko unasema wanachama asilimia 51, mwekezaji 49. Shabiki wa Sumbawanga asiye na kadi yuko wapi kwenye hesabu hiyo? Ananunua jezi, analala na njaa timu ikifungwa, lakini haulizwi kitu. Asiyeulizwa atabaki kukisia. Viongozi wakinyamaza, uvumi ndiyo unageuka msemaji wa klabu, na lawama hiyo ni yao.

Ila kunyimwa habari kunatupa haki ya kuuliza, hakutupi haki ya kutuhumu. Kumwambia kiongozi "umeshindwa, tupishe" ni kuhukumu kazi ambayo wote tumeiona. Nafasi ya tatu haikufichwa. Kusema "anahujumu" ni kuhukumu moyo wake, na huo hakuna kijiwe kilichowahi kuuona. La kwanza ni haki ya shabiki. La pili ni kumwita mtu mchawi. Na mimi sikutaja jina, jambo ambalo ni baya zaidi: nilimwachia kila mtu achague mchawi wake.

Kesho yake nilirudi. Nikawaambia, "Jana nilisema nasikia. Sikusikia popote."

Mzee akamaliza kahawa yake taratibu. "Sasa kama siyo hujuma, ni nini?"

"Sijui, mzee."

Akatikisa kichwa, akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuwa ameketi pembeni na simu mkononi. Yeye alikuwa anajua.