KUKETI KANDO YA JUJI NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Katika inchi yetu, sheria ya 2013 inasema: tribinali ya amani ikikata shauri kwa kufuata desturi, wanaketi watatu, na wawili kati yao ni wazee wenye kuijua desturi ile.

Siku ukiitwa wewe, usihesabu ni sifa. Ni amana. Mwenye kushitakiwa anaweza kuwa mtoto wa dada yako, na mwenye kushitaki ni mjane anayeomba kiwanja cha marehemu mume wake. Hapo ndipo imani inapimwa. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia haki hata juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa, kwa tajiri ao maskini.

Basi sikiliza pande mbili mbele ya kufungua kinywa. Usipokee matabishi, hata kuku. Usilolijua, sema sijui, maana Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayehukumu kwa ujinga ataingia Motoni pamoja na yule aliyejua haki akaiacha. Na kama moyo unavutwa na ujamaa, mwambie juji mapema, umwachie mwingine kiti.

Mjane atarudi nyumbani. Mwenyezi Mungu atabaki shahidi.

Allah atujalie uadilifu. Amin.