Hajji wa Kibuli na Fimbo Isiyopimwa

Paliondokea Hajji mmoja wa Kibuli, fundi wa kanzu, mtu mfupi mwenye mabega mapana na subira ya kazi. Duka lake lilikuwa kwenye mteremko chini ya msikiti, ule uliojengwa juu ya ardhi aliyoitoa Prince Badru Kakungulu. Wateja wake walikuwa maimamu, mabwana harusi na askari wa chuo cha polisi cha hapohapo kilimani, na kwa askari hao ndiko Kiswahili chake kilikonyooka. Jumamosi alasiri alivuka jiji hadi bonde la Kitante, kwenye Klabu ya Gofu ya Uganda, iliyoanza mwaka 1908.

Hajji hakuwa mpigaji wa mbali. Riziki yake ilikuwa kwenye grini, pale penye nyasi fupi zinazozunguka shimo, ambapo mpira haupigwi bali husukumwa. Wachezaji wa gofu wanajua uzito wa jambo hilo. Katika uwanja wa mipigo 72, mipigo 36 imetengwa kwa ajili ya grini, miwili kwa kila shimo. Hajji aliokoa mmoja hapa na mmoja pale kwa fimbo ya kale, kichwa chembamba, mpini uliokatwa zamani ukalingana na kimo chake. Vijana wenye nguvu walimaliza nyuma yake wakishangaa.

Ikaja Juni 2025. Huko Oakmont, Marekani, J.J. Spaun alisukuma mpira kutoka mita zipatazo 20 kwenye shimo la mwisho, ukaingia, akatwaa U.S. Open. Mkononi alikuwa na fimbo ya kampuni ya L.A.B., kichwa kipana chenye umbo ambalo macho hayakulizoea. Miaka miwili kabla ya hapo, Lucas Glover, aliyeteswa muda mrefu na mikono inayoshtuka kwenye mipira mifupi, alihamia fimbo ya kampuni hiyohiyo na kushinda mashindano mawili katika wiki mbili mfululizo. Hajji aliyaona yote hayo kwenye televisheni, akaitamani fimbo hiyo.

Bei ya mpya ilizidi dola 400, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Uganda kabla ya usafiri na ushuru. Mpwa wake aliyeko Dubai akapata iliyotumika, kwa nusu ya bei. Muuzaji alikuwa mtu mrefu sana. Kijana akapiga simu: “Mjomba, dukani wanasema fimbo hizi hupimwa. Wanauliza kimo chako na unavyosimama.” Hajji akajibu, “Wewe nunua, mwanangu. Nitaizoea.”

Ilipofika Kitante, makedi, wale wabeba fimbo wa uwanjani, waliiita pasi, kwa kuwa kichwa chake kilifanana na pasi ya mkaa. Hajji hakujali, na katika hilo alikuwa sahihi. Sura ngeni si kosa. Mwaka 1904 Walter Travis alishinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kwa fimbo ya Schenectady, ambayo mpini wake uliingia katikati ya kichwa badala ya pembeni. Wakubwa wa gofu wa St Andrews wakaja kupiga marufuku fimbo za aina hiyo, na marufuku ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karsten Solheim, aliyewahi kushona viatu kabla ya kuwa mhandisi, alitengeneza mwaka 1959 fimbo iliyolia “ping” kila ilipogusa mpira. Aliweka uzito kwenye ncha mbili za kichwa. Leo wazo lake limo katika karibu kila duka la gofu duniani. Anayecheka umbo jipya kwa sababu ni jipya hana hoja.

Kosa la Hajji lilikuwa mahali pengine, nami naomba msomaji atulie hapa, maana pesa nyingi hupotelea papa hapa. Shika fimbo ya kawaida, ilaze mpini wake juu ya kidole. Mara nyingi ncha ya kichwa itaelekea chini. Uzito huo huvuta uso wa fimbo ufunguke na kufungika, na mikono inalazimika kuurekebisha bila wewe kujua. Fimbo ya L.A.B. imesawazishwa ili uso usivutwe kwenda popote. Lakini usawa huo umewekwa kwa pembe moja tu, pembe kati ya mpini na ardhi. Ndiyo maana hutolewa kwa pembe nyingi zinazopishana kidogo kidogo, na mnunuzi hupimwa kwanza. Ukiishika kwa pembe nyingine, usawa haupo tena.

Hajji, mfupi, mwenye fimbo ya mtu mrefu, alishusha mikono. Kisigino cha kichwa kikakaa chini, ncha ikainuka. Uso ukaelekea kushoto kidogo na uzito ukarudi kuvuta. Kidogo hicho ni kingi: kutoka mita 3, uso ukikosea digrii moja mpira hupotoka kama sentimita 5, na shimo lote lina upana wa milimita 108. Digrii moja inakupeleka ukingoni, ya pili inakutoa nje.

Mipira ikaanza kupita kushoto. Hajji akalaumu mvua, akalaumu mashine ya kukatia nyasi, mwisho akamlaumu kedi wake wa miaka mingi. Yule mzee alimwambia kwa adabu, “Hajji, ncha iko juu. Nimeiona tangu Jumamosi ya kwanza.” Hajji akamkatiza. Fimbo ya zamani alikuwa ameshaigawa. Hendikapu yake, ile hesabu inayopanda mchezo unaposhuka, ikapanda mwezi hadi mwezi, na wenzake wakaacha kumpanga kwenye timu.

Hapo ndipo alipofanya la kuhuzunisha zaidi. Aliipeleka fimbo Katwe, kwa wafua vyuma, akaomba mpini upindwe na kukatwa inchi mbili. Fundi alifanya alichoombwa, tena kwa ustadi. Lakini fimbo ya namna hii ikibadilishwa pembe au urefu, vizito vya kichwani hubidi vipangwe upya, kazi ambayo watengenezaji wenyewe huifanya fimbo moja moja. Iliyotoka Katwe ilikuwa na sura ileile ya Oakmont, na ndani yake hapakuwa tena na kile kilichonunuliwa.

Mwalimu mmoja wa gofu aliishika, akaiachia kati ya vidole viwili, kichwa kikageuka papo hapo. Akamtazama mwenye duka la kanzu. “Hajji, ni lini uliwahi kukata kitambaa kabla ya kushika futi?” Hajji hakuwa na jibu.

Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa fundi mwenye jicho kali, aliyejua kila siku kwamba kanzu nzuri ya mtu mwingine ni kanzu mbaya kwako. Tamaa ya ushindi wa Spaun ilimfanya aone umbo na asione kipimo.

Nawe unayeitaka fimbo hiyo, ukiwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, huhitaji kupanda ndege ili upimwe. Mpe mwenzako simu akurekodi ukisukuma mpira, umesimama kama unavyosimama siku zote, kisha itume video hiyo kwa kampuni ya L.A.B. Kampuni hiyo hupokea video na kukuambia pembe na urefu wako. Muulize pia kedi wako anachoona, na umwache amalize kusema. Kama tayari unayo ya mkono wa pili na ncha inainuka, usiipeleke kwa mfua vyuma. Irudishe kwa walioitengeneza, au muuzie mtu mwenye kimo cha mmiliki wake wa kwanza.