Pembe ya Goti na Nia ya Mwenye Goti

Swali la kale la falsafa, kama mwili unaweza kupimwa bila mwenye mwili kupotea ndani ya kipimo, limepata sura mpya kwa kubuniwa vihisi laini vya kuvaliwa, yaani vifaa vya mpira wa silikoni vinavyonyumbuka pamoja na mwili na kuugeuza mnyumbuko huo kuwa ishara ya umeme. Katika vazi la Chuo Kikuu cha Harvard, ambalo Yiğit Mengüç na wenzake walilieleza mwaka 2014, vihisi hivyo viliwekwa penye nyonga, goti na kifundo cha mguu. Ndani yake mna vijia vyembamba vilivyojaa metali kimiminika, na kiungo kikikunjwa vijia hurefuka na kusinyaa, ukinzani wa umeme ukaongezeka, na kutokana na ongezeko hilo pembe ya kiungo ikakokotolewa. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa kamera za maabara, hasa mtu anapokimbia, lakini vazi linaweza kumfuata mkulima wa Rungwe anayeshuka mteremko na mkungu wa ndizi kichwani, na faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo, mwanamke wa Kihehe apigaye magoti kwa desturi ili kumwamkia mzee, akisema kamwene, na mwenzake aliyepiga magoti kuokota maharage yaliyomwagika, wanaweza kuandikiwa pembe ileile. Na Mwislamu wa Mbeya anayesujudu mara 34 katika rakaa 17 za faradhi za kila siku ataonekana katika takwimu kama mtu aliyekunja goti mara nyingi. Kipimo hakidanganyi. Kosa ni kudhani kwamba nia ni kitu kilichofichwa ndani zaidi, ambacho kihisi bora kingekifikia siku moja, ilhali nia hiyo imo kati ya apigaye goti na yule anayepigiwa, na hapo hapana mahali pa kufunga kihisi.

Iringa, nchi ya Wahehe, ina sababu yake ya kulichukulia jambo hili la kupima mwili kwa uzito. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua kwa risasi Julai 1898, kichwa chake kikakatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani, na ingawa kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliagiza lirudishwe, halikupatikana mpaka Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, penye mafuvu yapatayo 2,000. Alichuja kwa uwiano wa upana wa fuvu kwa urefu wake, karibu asilimia 71, akalipata moja lenye tundu la risasi, nalo likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Uwiano ule haukusema lolote mpaka ulipowekwa kando ya vipimo vya jamaa zake walio hai. Undugu ndio uliofanya namba itamke jina.

Waliopimwa Bremen hawakuulizwa, lakini anayevaa kihisi anaweza kukivua. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka, kwa kawaida, ridhaa ya maandishi kabla ya taarifa nyeti kama za afya kuchakatwa, na ridhaa hiyo ina uzito pale tu mkulima wa Rungwe anapoelezwa namba za goti lake zitakaa wapi, atazisoma nani, na kama anaweza kuzidai zirudi.