Kuhama Nyumba Hakuvunji Mkataba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Miongoni mwa magomvi ya zama hizi ni haya: mtu hukodi waya wa intaneti nyumbani kwake kwa mkataba wa mwaka, kisha akahama kabla ya mwaka kwisha, na kampuni ikamdai malipo ya kuvunja mkataba. Yeye husema, "Nimehama, silipi." Kampuni husema, "Umetia saini, lipa." Basi yampasa Muislamu aijue hukumu kabla ya kunyanyua ulimi wake, kwani fedha hiyo ikiwa ni haki ya mwenziwe, kuizuia ni haramu, na ikiwa si haki, kuitoza ni haramu.

Jambo hili lamo katika mlango wa ijara, nayo ni kununua manfaa kwa ujira unaojulikana na kwa muda unaojulikana. Mwenyezi Mungu ameamrisha mwanzo wa Sura ya Al-Maida kutimiza mikataba. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ijara ni mkataba uliofungika, hana mmoja ruhusa ya kuufungua peke yake. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba ijara haifasikhiki kwa udhuru, na akapiga mifano: mwenye hamamu aliyekosa kuni, na mtu aliyepatwa na safari. Wanachuoni wa Kihanafi wameona udhuru waweza kuifasikhi. Lakini kwa mwenye kumfuata Shafii, kuhama ni jambo lake mwenyewe, wala hakumwondolei ujira aliokubali.

Hata hivyo, asidhani mwenye waya kwamba hoja yote ni yake. Mfano: mtu amekodi miezi kumi na miwili kwa shilingi 3,000 kila mwezi, akahama baada ya miezi saba. Kampuni yadai 15,000 za miezi mitano iliyobaki. Ikiwa waya umeachwa wazi na manfaa yapo, deni limethubutu. Na mkodi aweza kumwachia mpangaji mpya atumie mahali pake, maana manfaa ni mali yake mpaka muda wake utimie. Ama kampuni ikiukata waya siku ile ile, kisha ikataka ujira wa miezi yote, hapo imezuia kile inachokiuza. Mwenye kukodisha akizuia kitu mpaka muda ukapita, ijara ya muda ule imefasikhika, na ujira wake hauna njia. Kadhalika malipo yasiyotajwa katika mkataba hayalazimu, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kucheleweshwa ni riba.

Basi mwenye kudaiwa na autoe mkataba wake, ausome neno kwa neno, aandike hoja yake, ashike nakala na mashahidi. Kisanduku cha intaneti alichopewa ni amana, akirudishe. Wala asiseme amesafiri, naye yupo mtaa wa pili. Haki haitetewi kwa uongo.

Na ikiwa deni ni lake, mlango haujafungwa: aombe ikala, yaani wote wawili waridhie kuufuta mkataba. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameahidi kwamba mwenye kumkubalia mwenziwe ikala, Mwenyezi Mungu atamwondolea kujikwaa kwake.

Na ajue kila mmoja, mdai na mdaiwa, kwamba shahidi mwenyewe husamehewa dhambi zake isipokuwa deni. Shilingi elfu kumi na tano ni chache sokoni, lakini ni nzito Siku ya Hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula halali na kutoa haki. Amin. Wallahu aalam.