Mtondogoo

Bibi mzaa mama, pale Pangani, alikuwa akikopesha mchele kwa pishi bila daftari. Aliyekopa aliulizwa jambo moja tu: “Utarudisha lini?” Akijibu kesho kutwa, bibi alikunja vidole vitatu. Akijibu mtondogoo, alivikunja vyote vitano: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Mkono ukawa ngumi. Mkopaji akimalizia kwa “inshallah”, bibi aliitikia. Lakini inshallah isiyo na siku aliikataa.

Leo ni tarehe 9 Desemba, na mjukuu wangu ameniuliza kwa nini ni sikukuu. Nikaushika mkono wake. Kidole gumba, leo: mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na siku kama hii mwaka uliofuata ikawa jamhuri. Cha shahada, kesho: mwaka 1963 Zanzibar ilitoka chini ya Waingereza, na siku 33 baadaye yakaja Mapinduzi. Cha kati nilikipita. Cha pete, mtondo: Kenya, uhuru 1963 na jamhuri 1964. “Na hiki kidogo, bibi?”

Kabla sijamjibu nilimkumbuka John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa kutoka Ukambani. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una yaliyopita na yaliyopo, na yajayo karibu hayapo, maana hayajatokea. Ushahidi wake aliutoa katika Kikamba na Kikikuyu. Majina ya nyakati zake mbili, hata hivyo, aliyachukua katika Kiswahili: sasa na zamani. Namheshimu sana Mbiti; alitufundisha kuziona dini za wazee wetu kuwa ni dini. Ila hapa sikubaliani naye. Aliyekuja kuazima maneno mawili kwetu angeuliza na la tatu. Bibi yangu aliijua mtondogoo kama alivyoujua mlango wake, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeahidi kuja siku hiyo na mchele.

Naona hapo ndipo penye jibu. Ni kweli siku isiyofika haijatokea, lakini ikishaahidiwa ina mdai na mdaiwa, na deni lipo leo hii. Oktoba 1959 Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba wangependa kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia uhuru Alexander Nyirenda alikuwa kileleni na mwenge. Miaka miwili na ushei, na ahadi haikusahauliwa.

Chuoni tulifundishwa, kwa Sura ya Al-Kahf, kwamba mtu asiseme atafanya jambo kesho bila kulirejesha kwa Mungu. Wengi wameigeuza inshallah kuwa njia ya kukwepa siku, na jambo hilo linaniuma. Mungu hutajwa ili ashuhudie ahadi. Walimu wa Kiswahili, nawaomba, wafundisheni watoto mtondo na mtondogoo. Wanajua kusema “baada ya siku nne” tu, na hesabu hiyo haishiki mkononi.

Kidole kidogo nilimkunjia mwenyewe. Tarehe 13 haina bendera wala gwaride. Ndiyo siku aliyoahidi kumrudishia mwana wa jirani baiskeli yake.