Mlevi wa Usukani na Utetezi Wake Mbele ya Hakimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaamrisha waja Wake uadilifu hata juu ya nafsi zao, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Baada ya darasa yetu moja alinikabili mzee katika wazee wetu, mtu wa swala tano, akaniambia: «Sheikh, nina suala ambalo naona haya kuliuliza mbele za watu. Mwanangu ni dereva wa lori. Huenda Kisii kuchukua ndizi, na huteremka mpaka Tabaka kuchukua yale mawe laini yanayochongwa vinyago, akayaleta Mombasa kwa wenye maduka. Safari hii alikamatwa usiku karibu na Keroka, na ameshtakiwa kuendesha gari hali amelewa. Hakumgonga mtu. Lakini mimi amenieleza kweli: alikunywa. Sasa nifanyeje?»

Kisha akanitajia nasaha tatu alizopewa na marafiki zake. Wa kwanza amemwambia: «Toa kitu kidogo, faili lipotee.» Wa pili amemwambia: «Mvalishe kanzu na kofia, ashike Msahafu aape kuwa hajaonja pombe maishani mwake, ni hakimu gani atakayedhani Mwislamu analewa?» Na wa tatu, ambaye hujiona ni mkali wa dini, amemwambia: «Kumwekea mlevi wakili ni haramu; mwache aozee huko.»

Nimeona niliandike jawabu hili ili lisomwe na wengine pia, kwani mzee huyu si wa peke yake. Nasaha zote tatu ni mbovu, ndugu zangu, na iliyo mbovu zaidi ni ile ya pili.

Tuanze na hongo. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 188, kuliana mali kwa batili na kuyapeleka mali hayo kwa mahakimu ili tupate kula haki za wenzetu kwa dhambi na huku twajua. Na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea. Basi mtu aliyefanya dhambi ya kulewa, akaiosha kwa rushwa, ni kama aliyepatwa na najisi ya mkojo akaitoharisha kwa damu. Hapa hapana maneno mengi.

Ama yule mkali aliyesema mlevi asitetewe, huyu hakuijua dini anayoipigania. Uislamu umeweka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huisoma mapema: ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na yamini ni juu ya mwenye kukana. Mtuhumiwa hakalifishwi kujithibitishia kosa. Tazama kisa cha Maiz (R.A.), aliyemjia Mtume (S.A.W.) mwenyewe akaungama zina. Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu, kisha akauliza kama amekunywa mvinyo. Akasimama mtu akamnusa kinywa chake, asimwone na harufu ya mvinyo. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim. Mwaona, basi, kuwa kupima pumzi ya mtu si jambo lililozuliwa jana. Na mwaona pia kuwa Mtume hakuwa na pupa ya kumtia mtu hatiani.

Wanazuoni walikhitalifiana juu ya harufu hiyo. Ibn Masud (R.A.) alimpiga hadd mtu mmoja huko Hims kwa kumsikia harufu ya mvinyo, na Imamu Malik akashika njia hiyo. Lakini madhehebu yetu ya Shafii, na ya Abu Hanifa pia, yasema kuwa harufu peke yake haitoshi kumpiga mtu hadd, kwa kuwa yamkini alilazimishwa, au alidhani ni kinywaji kingine, au alisukutua tu akatema. Shaka huizuia adhabu.

Sasa itazameni sheria ya Kenya, ambayo ndiyo itakayomhukumu kijana wetu, maana Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, haina mamlaka ila katika ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi. Kesi hii ni ya hakimu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakisemi tu kuwa mtu asinuke pombe. Chasema asiendeshe gari hali pombe imemzidi hata hawezi kulimiliki sawasawa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Basi mwendesha mashtaka yampasa kuthibitisha kuwa huyu ndiye aliyekuwa akiendesha, kuwa ilikuwa ni barabarani, na kuwa alikuwa katika hali hiyo. Akishindwa, mshtakiwa huachiliwa.

Na kile chombo cha kupimia pumzi, ambacho watu wamekizoea kwa jina la Alcoblow, kilianza kutumiwa na polisi barabarani mwishoni mwa mwaka 2013, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011, na kipimo chake kikiwa mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizitia kasoro kanuni hizo kwa kuwa hazikulingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Nalitaja hili ili mjue kuwa hata majaji wakubwa wamelisimamisha jambo hili na kuliangalia. Basi wakili akiuliza chombo kilipimwaje, nani aliyekitumia, na daktari alisema nini, hafanyi dhambi. Afanya kazi ya mizani.

Tena Katiba hiyo, katika vifungu vya 49 na 50, yampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha aifahamuo, ya kunyamaza, ya kuonana na wakili, ya kufikishwa mahakamani kwa kawaida katika muda wa saa 24, ya kuachiliwa kwa dhamana ila pakiwa na sababu nzito ya kumzuia, na ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Je, mtu asome haya kisha aseme kuwa yapingana na Uislamu? Hata kidogo! Yaelekea pale pale ilipoelekea kanuni ya ushahidi na yamini.

Kwa hivyo, ewe mzee wangu, mwekee mwanao wakili, na usione haya.

Lakini sasa twafika penye mtihani, napo ni pale kwenye nasaha ya pili. Kijana ameketi kizimbani Keroka au Kisii au Nyamira, karani amsomea mashtaka, kisha amwuliza: «Ni kweli au si kweli?» Naye moyoni ajua kuwa ni kweli. Aseme nini?

Jawabu langu ni hili. Anazo njia mbili za halali na moja ya haramu.

Njia ya kwanza ya halali ni kukiri. Aseme ni kweli, aombe msamaha wa hakimu, aeleze kuwa ni kosa lake la kwanza ikiwa ndivyo, na aipokee adhabu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Njia hii ni ya kiume, na huenda ikawa ndiyo nyepesi pia.

Njia ya pili ya halali ni kunyamaza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa aliyepatikana na machafu haya na ajisitiri kwa sitara ya Mwenyezi Mungu, wala sheria ya nchi haimlazimishi mtu kujiungamia. Mshtakiwa akikataa kujibu, mahakama yenyewe humwandikia kuwa amekana, na kesi huendelea. Na mashahidi wa serikali wakiisha, na hakimu akiona ipo kesi ya kujibiwa, sheria humpa mshtakiwa hiari tatu: ateta kwa kiapo, au aseme maneno yake bila ya kiapo, au anyamaze kabisa. Basi mtu anaweza kuupima ushahidi wa serikali tangu mwanzo mpaka mwisho wala ulimi wake usitamke uongo hata mmoja. Na amwambie wakili wake mapema: «Pima ushahidi wao upendavyo, lakini usinitungie maneno, wala usinitafutie shahidi wa kusema nisichokuwa nacho.»

Njia ya haramu ni kusimama, akashika Msahafu kwa mkono ule ule ulioshika chupa, akaapa kwa Jina la Mola wake kuwa hakunywa. Hii ndiyo yamini ghamusi, yamini inayomzamisha mwenyewe, na Mtume (S.A.W.) ameihesabu katika madhambi makubwa. Aliyekunywa alikuwa na dhambi moja. Akiapa hivi atatoka mahakamani na dhambi mbili, na ya pili yaweza kuwa nzito kuliko ya kwanza. Na wale watakaomshuhudilia kuwa alikuwa nao msikitini usiku ule, nao wamo.

Na hiyo hila ya kofia na kanzu, ndugu zangu, yaniuma zaidi. Kisii na Nyamira sisi ni wachache. Majirani zetu huko wengi ni Wakristo, na miongoni mwao Wasabato ni wengi mno, watu ambao kanisa lao limewakataza pombe nao wakatii. Leo twataka kuwaletea kizimbani mtu amevaa vazi la Mtume (S.A.W.) ili limfunike ulevi wake! Msabato akae mkutanoni amwangalie Mwislamu akila yamini ya uongo kwa Qurani! Kofia haikuumbwa kuwa wakili. Aliyetaka kusaidiwa na kofia na aivae kabla ya kuipita baa, si baada ya kukamatwa.

Huenda mtu akasema: «Akishinda kesi je, si amekwisha kusafika?» Nami namjibu kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Salama (R.A.). Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa yeye ni binadamu, huletewa ugomvi, na pengine mmoja ni fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, akamhukumia kwa alivyosikia, na yeyote aliyehukumiwa haki isiyo yake, basi amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikumhalalishia mtu haramu kwa dhahiri ya maneno, hukumu ya hakimu wa Keroka itamhalalishia nini? Hakimu huangalia kama mashtaka yamethibiti. Haangalii kama moyo umetubu. Karatasi ya kuachiliwa ni ya dunia, na mwisho wake ni mlango wa mahakama.

Na tufahamu tofauti nyingine. Kijana huyu hakumgonga mtu, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Kunywa kwake ni haki ya Mwenyezi Mungu, na haki ya Mwenyezi Mungu ina mlango wa sitara na toba. Lakini lau angalimuumiza mtu, hapo ingaliingia haki ya binadamu, wala hapana sitara inayoiangusha haki hiyo mpaka ilipwe au isamehewe. Kifungu cha 46 cha sheria ile ile chamkabili aliyeua kwa uendeshaji wa hatari kwa kifungo cha hata miaka 10. Na mbele ya Mwenyezi Mungu iko diya na iko kafara.

Aliyewahi kupita njia zile ajua nisemalo. Nchi ya Kisii na Nyamira ni ya vilima. Barabara hupanda na kuteremka na kupinda, mvua ni nyingi, na ukungu hushuka. Soko huja mpaka ukingoni mwa lami: mama ameketi na mikungu yake ya ndizi, mtoto avuka na sare ya shule, mwenye bodaboda amebeba majani ya chai. Lori lililojaa mawe likiteremka hapo, na mshika usukani akili yake imo chupani, ni nani atakayelizuia? Katika Suratul Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameiita pombe uchafu katika kazi ya Shetani, akatuamrisha tuiepuke. Na aliyeinywa nyumbani amejidhulumu nafsi yake, lakini aliyeinywa akashika usukani amewadhulumu watu wote walio mbele yake, hata kama safari hii hawakufa.

Basi, ewe mzee wangu, hukumu ya kwanza haiko kwa hakimu. Iko kwako. Mtolee mwanao dhamana, mwekee wakili, mkataze uongo, na msimamie siku ya kesi. Lakini kabla ya hayo yote mnyang'anye ufunguo wa lori. Usimrudishie kwa kuwa ameshinda kesi. Mrudishie utakapoona ameacha. Toba ina sharti zake: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Asiyeacha hajatubu, hata kama mahakama tatu zimemwachilia.

Nasi tulio mjini tusimcheke. Wangapi katika sisi hukodisha lori bila ya kumwuliza dereva amelala wapi na amekunywa nini, tukamhimiza tu afike mapema kwa kuwa ndizi zaiva? Mzigo wetu ukifika salama twasema Alhamdulillahi, wala hatuulizi umefikaje.

Mwenyezi Mungu atutengenezee vijana wetu, azilinde njia za waja Wake, na atujaalie tuwe wenye kusema kweli panapotudhuru kama tunavyoisema panapotufaa. Amin. Wallahu aalam.